Mtoto mwenye usonji anaporudi nyuma: ubongo unabadilika lini hasa?

#1 MzeeWaSinapsi

Wakuu, habari za jioni.

Naleta hoja inayopitiwa juu juu kila ikitajwa humu. Chukua mtoto wa mwaka na miezi minane. Alikuwa anasema maji, paka, dada, toka. Baba akiondoka anampungia mkono. Ndege ikipita juu ananyoosha kidole, kisha anamgeukia mama kuhakikisha naye ameiona. Ndani ya wiki chache yote yanayeyuka. Ukimwita hageuki, kidole hakinyooshwi, maneno yamekwisha, na kazi yake kubwa ni kuzungusha tairi la kigari kilichopinduliwa. Baadaye anapimwa na kukutwa na usonji (autism).

Barger na wenzake mwaka 2013 walijumlisha tafiti 85 zenye watu zaidi ya 29,000. Karibu thuluthi, 32%, walirudi nyuma kwa namna hii, na wastani wa umri ulikuwa kama miezi 21.

Msimamo wangu ni kwamba tunachokiona mwezi wa 20 ni moshi, moto uliwaka zamani. Mwaka 2011 Nordahl na timu yake huko California walikuta wavulana waliorudi nyuma wana ubongo mkubwa kuliko wenzao. Waliporudi kwenye vipimo vya utotoni, mzunguko wa kichwa ulikuwa umeanza kukimbia kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Mwaka 2017 Hazlett na wenzake waliwapiga picha za ubongo za MRI vichanga ambao kaka au dada zao wana usonji. Kwa waliokuja kukutwa nao, uso wa gamba la ubongo ulitanuka kupita kiasi kati ya mwezi wa 6 na wa 12, kisha ujazo wa ubongo wote ukafuata kati ya mwezi wa 12 na wa 24.

Swali langu ni hili: kama ubongo umeshaanza kwenda kombo mwezi wa sita, mtoto anawezaje kuendelea kuokota maneno mapya mwaka mzima ndipo aanguke?

#2 Bint_Kisauni

Ahsante kwa uzi. Kabla hatujaingia kwenye ubongo, hiyo thuluthi isishikwe kama namba ya mezani. Ndani ya hesabu hiyohiyo ya Barger, waliohesabu upotevu wa lugha peke yake walipata robo, na waliochanganya lugha na mahusiano wakapata zaidi. Kila mtu na kamba yake ya kupimia. Dodoso la ADI-R, la kuwahoji wazazi kuhusu usonji, linataka mtoto awe ametumia angalau maneno matano yenye maana, na "mama" na "baba" hayahesabiwi. Mtoto aliyekuwa na maneno mawili akayapoteza, hapo haonekani kabisa.

Pili, neno "ghafla" linatupotosha. Ozonoff na wenzake mwaka 2010 waliwafuatilia vichanga tangu miezi sita, wakihesabu mara ngapi mtoto anatazama uso wa mtu, anatabasamu kwa mtu, anatoa sauti kumwelekea mtu. Mwezi wa sita waliokuja kuwa na usonji walilingana na wenzao. Kufikia mwaka mmoja tofauti ilikuwa wazi, na ikaendelea kupanuka. Yaani karibu wote walikuwa wakiteremka polepole, na wazazi wengi walipoulizwa hawakusema mtoto amerudi nyuma.

Kwa hiyo huenda hakuna makundi mawili, waliorudi na wasiorudi. Huenda wote wanateremka mlima mmoja, tofauti ni kwamba wengine walikuwa wameshapanda juu vya kutosha watu wakaona wanashuka.

#3 Kapeto

Nami naegemea huko. Ongeza kazi ya Jones na Klin ya 2013: kutazama macho ya mtu kulianza kupungua kati ya mwezi wa 2 na wa 6. Mwezi wa pili watoto hao walikuwa wakitazama macho kama wenzao.

Hapo ndipo jibu la MzeeWaSinapsi linapoanza. Kichanga anatazama uso kwa msukumo wa asili unaoendeshwa na sehemu za chini za ubongo. Miezi inavyosonga, gamba la juu linatakiwa kuipokea kazi hiyo na kuifanya kwa kujifunza. Kazi ikiachwa na wa chini kabla wa juu hajaishika vizuri, tabia inapotea. Mtoto hakuporwa kitu. Ni zamu imepokelewa vibaya.

#4 Mchambuzi_Mwanza

Kapeto, hiyo inaeleza macho. Haielezi neno "maji" lililosemwa kila siku miezi mitatu kisha likafutika. Neno halikuwa msukumo wa asili, lilijifunzwa na gamba lenyewe.

Mimi nashika upande wa kupogoa. Ubongo wa mtoto hutengeneza sinapsi, yaani maungio kati ya seli za ubongo, nyingi kuliko mahitaji, kisha hupunguza, kama mtu anayepogoa mbuni ili matawi yaliyobaki yazae. Tang na wenzake wa Columbia mwaka 2014 walihesabu vichipukizi vinavyobeba sinapsi kwenye seli za sehemu ya pembeni ya ubongo wa marehemu, watoto na vijana. Kwa wasio na usonji idadi ilishuka karibu nusu kufikia ujana. Kwa wenye usonji ilishuka kama 16% tu. Protini ya mTOR ilikuwa juu mno na ikazuia seli kusafisha taka zake, hivyo vichipukizi vilivyotakiwa kuondoka vikabaki.

Ubongo uliojaa miunganisho isiyopogolewa una kelele. Maneno machache unayamudu. Mzigo ukiongezeka, mtoto anapotakiwa kuunganisha sauti, uso, kidole na jina la kitu kwa wakati mmoja, kelele inashinda.

#5 Bint_Kisauni

Mchambuzi, hapo umeruka mto bila daraja. Umetaja vijana, na kushuka kwa nusu kulionekana ujanani. Huwezi kuchukua ubongo wa kijana wa miaka 15 ukaeleza kilichotokea mwezi wa 18.

Tena kuna nadharia iliyo kinyume kabisa. Thomas na wenzake, London, mwaka 2016 walisema tatizo ni kupogoa kupita kiasi. Walitumia mitandao ya kompyuta inayojifunza: mtandao unajifunza vizuri, kisha awamu ya kupogoa inafika, na ukikata kwa ukali unakata hata miunganisho inayobeba kazi. Uwezo uliokuwepo unaporomoka. Hii inaeleza vizuri kwa nini mtoto anajifunza kwanza halafu anaanguka, maana mkasi haukuwa umefika. Inaeleza pia kwa nini vitu tofauti hupotea kwa nyakati tofauti, kwa sababu maeneo ya kuona na kusikia hupogolewa mapema kuliko ya mbele ya ubongo.

#6 Kijana_wa_Ubungo

Sasa wakuu tushike lipi? Mmoja anasema mkasi haukukata, mwingine anasema umekata mno. Hao ni wakulima wa shamba moja?

#7 Mchambuzi_Mwanza

Inawezekana si shamba moja. Usonji ni jina la tabia, na chini yake kuna jeni nyingi tofauti. Anayekosa kipande cha kromosomu ya 22 chenye jeni ya SHANK3 hafanani na mwenye kichwa kikubwa na mTOR iliyochachamaa. Bint_Kisauni yuko sahihi kuhusu umri wa zile sampuli, nakubali. Ila nadharia ya Thomas nayo ni ya kompyuta. Kichwa kilichokimbia kwenye kazi ya Nordahl hakikai nayo vizuri. Thomas na wenzake wanadai ukuaji huo ni jambo la pembeni linaloambatana. Mimi sijaridhika.

#8 FundiMawimbi

Samahani kuwakatiza. Mnajadili sinapsi, lakini kuna watoto wanaopewa jina la usonji kumbe ubongo unatoa cheche usiku kucha. Mtoto akipoteza lugha, swali la kwanza kichwani liwe: alikuwa na umri gani?

Akipoteza kabla ya miaka miwili, maneno pamoja na kutazama watu, hiyo ndiyo sura ya usonji. Akipoteza kati ya miaka 3 na 8, alikuwa anaunga sentensi, sasa unamwita anakutazama usoni lakini haelewi maneno, wengine wanadhani amekuwa kiziwi, fikiria ugonjwa wa Landau na Kleffner, ulioelezwa mwaka 1957. Anaweza asianguke kifafa hata mara moja.

Na hapa ndipo vipimo vingi vya EEG, vya umeme wa ubongo, vinapokosewa. Cheche hizo hujaa kwenye usingizi mzito. Kigezo kinachotumika sana ni kuchukua 85% au zaidi ya usingizi huo. Ukirekodi dakika 20 mtoto yuko macho, karatasi inaweza kutoka safi kabisa na mzazi akaambiwa hakuna tatizo. Kwa hiyo:

Misuko ifumuliwe jana yake, nywele zioshwe kwa sabuni, zisipakwe mafuta wala dawa. Elektrodi zinashikana na ngozi ya kichwa, na mafuta yakiwepo unasoma takataka. Mtoto alale kwa kuchelewa, aamshwe saa kumi alfajiri. Akifika apewe chakula, chumba kiwe giza, aachwe alale wakati mashine inarekodi. Akikataa kulala, melatonini haiharibu usomaji. Diazepamu usimpe, inafuta cheche zilezile unazozitafuta.

#9 Kapeto

Na ikikutwa, watu wanakimbilia kabamazepini kwa sababu ndiyo iliyopo kwenye kila duka la dawa.

#10 FundiMawimbi

Kabamazepini inaweza kuuzidisha ugonjwa huu, izingatiwe sana. Kinachotumika ni valproeti, dawa za jamii ya benzodiazepini na steroidi, kwa mkono wa daktari wa neva za watoto.

Ila nisiwaoneshe upande mmoja. Watoto wengi wenye usonji wa kawaida nao wana cheche kwenye EEG bila kifafa wala kupoteza lugha ukubwani. Kuzitibu cheche hizo kwa dawa za kifafa hakujathibitika kuwarudishia maneno. Usitibu karatasi.

#11 MkongweWaKliniki

Umesahau wadogo zaidi. Kichanga wa miezi 4 hadi 8 alikuwa anacheka, ameacha kucheka. Akiamka tu anajikunja, mikono inaruka mbele, kichwa kinainama, sekunde moja au mbili, anapumzika, kisha tena, mara kumi, ishirini mfululizo. Nyumbani wanasema ana mchango, analia tumbo. Huo ni mshtuko wa utotoni alioueleza daktari West mwaka 1841, na ni dharura. Kila wiki inayopotea inakula akili ya mtoto, na wengi wao huishia na dalili za usonji.

Mchango wa tumbo haupigi kwa mpangilio wa saa na hauzimi tabasamu. Mrekodi kwa simu, video ya dakika mbili inatosha daktari kujua. Dozi inayotumika sana ni prednisoloni miligramu 40 kwa siku, ikigawanywa mara nne kwa wiki mbili. Degedege zisipokoma baada ya wiki, inapandishwa hadi 60, kisha inashushwa polepole. Anayeianzisha ni daktari, na kwetu huku kwanza atahakikisha hakuna kifua kikuu kilichojificha.

#12 Salama2

Mbona hakuna anayetaja chanjo? Mitaani kila mzazi anasema ilianza baada ya sindano ya mwaka na nusu.

#13 Bint_Kisauni

Tuitaje basi, tena kwa kalenda. Tanzania na Kenya sindano ya surua na rubela hutolewa mwezi wa 9 na mwezi wa 18. Kurudi nyuma hutokea zaidi kati ya mwezi wa 15 na wa 24. Ukitoa kitu chochote kwa watoto wote mwezi wa 18, hata pipi, lazima kuna watoto watakaoanza kupoteza maneno wiki inayofuata.

Dai la Wakefield la 1998 lilitokana na watoto 12, likafutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Tena lilihusu MMR, yenye matumbwitumbwi ndani. Sindano yetu ni MR. Denmark mwaka 2019 walihesabu watoto 657,461 wala hawakuona tofauti kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa. Yokohama, Japani, MMR ilisitishwa 1993 na usonji uliendelea kupanda.

Tena rubela yenyewe ikimpata mama mjamzito huongeza usonji kwa mtoto. Stella Chess wa New York aliliona jambo hilo mwaka 1971 kwa watoto 243 waliozaliwa na rubela. Anayekwepa sindano akiogopa usonji anaufungulia mlango mwingine.

#14 Salama2

Nimekupata dada, ahsante. Vipi malaria? Hiyo nayo wanaisema sana.

#15 MkongweWaKliniki

Malaria haipuuzwi. Mankoski na wenzake, wakiwemo Watanzania, mwaka 2006 waliandika kuhusu watoto 20 wa hapa nchini, 14 kati yao wakitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri mpaka miezi 22, 35 na 42, wakaugua malaria kali yenye homa ndefu na degedege, na walipopona mwili dalili za usonji zikaanza. Wengine wanne uhusiano wa muda ulikuwepo lakini si wa kuhakikisha. Saba hawakuwa na uhusiano wowote na malaria.

Tazama umri: miezi 35 na 42 si umri wa kawaida wa kurudi nyuma. Hilo lenyewe linadokeza kuwa njia ni nyingine.

#16 Mchambuzi_Mwanza

Na ndilo linalonisumbua. Je, huo ni usonji au ni ubongo ulioumizwa unaovaa nguo za usonji?

#17 MkongweWaKliniki

Swali la zamani hilo. Theodor Heller wa Vienna mwaka 1908 aliandika kuhusu watoto waliokua salama mpaka miaka 3 au 4 wakaporomoka, na ugonjwa huo baadaye ukaitwa kwa jina lake. Miaka mingi ukahesabiwa peke yake, mpaka 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, ulipouingiza ndani ya usonji. Binafsi naona walikosea. Mtoto anayepoteza hata choo na kutembea akiwa na miaka minne anahitaji kutafutwa chanzo, na ukimwita "usonji" daktari anayefuata anaacha kutafuta.

#18 Mnyalukolo

Na wale wa Mahenge wanaotikisa vichwa?

#19 MkongweWaKliniki

Hao ni wakubwa zaidi, wengi kati ya miaka 5 na 15. Louise Jilek-Aall aliwaona Mahenge miaka ya 1960, na baadaye ugonjwa ukaonekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Wanarudi nyuma kweli, lakini kichwa kinachoangukia kifuani wakati wa kula ni kifafa. Usiwachanganye na mada hii.

Walio karibu na mada ni wengine. Mtoto mwenye seli mundu aliyepoteza lugha ghafla: mtazame mkono wa kulia kama umelegea, hicho ni kiharusi. Mtoto mwenye VVU ambaye hajaanza dawa: anapoteza hatua moja moja na kichwa kinaacha kukua. Mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo: pima masikio kabla ya yote.

#20 FundiMawimbi

Masikio, naongezea. Kipimo cha OAE, kile cha kuziba sikio kwa kijipira, kinapima sehemu ya ndani ya sikio tu. Mtoto aliyekuwa na manjano kali utotoni anaweza kukipita vizuri na bado neva ya kusikia haipeleki sauti kwenye ubongo. Huyo anahitaji ABR, kipimo cha neva ya kusikia mpaka kwenye ubongo. "Amepimwa, anasikia" haitoshi. Uliza amepimwa kwa kipi.

#21 Kijana_wa_Ubungo

Tulianza na kichwa kikubwa, sasa MkongweWaKliniki anataja kichwa kinachoacha kukua. Nyumbani mtu anapimaje?

#22 Kapeto

Utepe usiovutika, si ule wa fundi cherehani uliochakaa. Upitishe juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma kwenye nundu iliyochomoza zaidi. Misuko ikiwepo, fumua. Pima mara tatu, andika kubwa zaidi. Mvulana wa kati kwa jedwali la WHO ni kama sm 46 akiwa na mwaka na sm 48 akiwa na miwili. Msichana anapungua kama sentimita moja. Kipimo kimoja hakisemi kitu, angalia mstari unakwenda wapi.

Msichana ambaye mstari wake umelala tangu mwezi wa sita hivi, anapoteza matumizi ya mikono na kuanza kuikamua kifuani kama anayefua nguo, huyo mfikirie ugonjwa wa Rett. Jeni yake, MECP2, iligunduliwa 1999 kwenye maabara ya Huda Zoghbi. Na kwa ubishi wa hapo juu, Rett ni somo zuri: seli hazifi. Adrian Bird mwaka 2007 aliirudisha jeni hiyo kwa panya wakubwa waliokwisha kuugua, wakapata nafuu kubwa. Kilichopotea kilikuwa bado kipo ndani.

#23 MzeeWaSinapsi

Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalitafuta. Bint_Kisauni, kama mkasi ungekuwa umekata, panya wa Bird wangerudi?

#24 Bint_Kisauni

Rett si usonji wote, mkuu, na panya si mtoto. Lakini swali ni zuri. Wapo watoto wanaorudisha maneno wakifika miaka mitatu au minne, na mkasi peke yake hauelezi hilo isipokuwa ubongo uote njia mpya. Sina jibu la kukufunga mdomo.

#25 Salama2

Kuna wanaouza "dawa ya kuondoa madini" ya dripu wakisema inarudisha maneno.

#26 MkongweWaKliniki

Kimbia! Dawa hiyo ni EDTA. Aina moja inakamata kalsiamu kwenye damu mpaka moyo unasimama; mtoto wa miaka mitano alikufa hivyo Marekani mwaka 2005. Madini ya risasi mwilini hupimwa kwa damu, na hutibiwa hospitali ikikutwa juu kweli.

Na wanaosikia habari za asidi ya foliniki: hiyo hujaribiwa kwa wenye upungufu wa foleti ndani ya ubongo, na si sawa na vidonge vya foliki vya wajawazito. Msinunue vya wajawazito mkadhani ndiyo hiyo.

#27 Mnyalukolo

Swali nje ya mada kidogo: mtoto anahamishwa kijijini kwa bibi, anasikia Kihehe, anaacha Kiswahili. Amerudi nyuma?

#28 Kapeto

Hapana. Mwangalie kidole na macho. Anayebadilisha lugha bado anaonesha vitu, anavuta khanga ya bibi, anamtazama usoni akitaka jambo. Anayerudi nyuma hukamata mkono wa mtu na kuupeleka kwenye kikombe kama chombo, bila kumtazama mwenye mkono. Lugha mbili hazileti usonji.

Kwa ushahidi, tafuteni video za zamani kwenye simu, ya sherehe ya mwaka mmoja hasa. Werner na Dawson mwaka 2005 walitazama kanda za nyumbani za watoto walioripotiwa kurudi nyuma: walipofikisha mwaka walikuwa wanabwabwaja na kuonesha kama wenzao. Wazazi hawakuwa wakijidanganya. Andika orodha ya maneno yote aliyowahi kusema na mwezi aliolisema kila moja mara ya mwisho, uende nayo pamoja na kadi ya kliniki. Na tiba ya kuongea na tiba kazi zianze wakati mnasubiri majibu, zisisubiri MRI.

#29 Kijana_wa_Ubungo

FundiMawimbi, mtoto ameamshwa saa kumi, kipimo ni saa nne, na njiani ni daladala mbili. Akisinzia mapajani?

#30 FundiMawimbi

Akisinzia dakika kumi tu, usingizi mzito wa kipimo umeshautumia kwenye kiti cha Mbagala. Nendeni wawili, mmoja kazi yake iwe kumwimbia na kumnyunyizia maji usoni mpaka mlangoni. Akilala, mwambie mpimaji ukweli, apange siku nyingine, kuliko kurekodi akiwa macho na kuandika "kawaida".